Kiti cha Mkuu wa Masomo

Leo nataka tuzungumze juu ya kiti kimoja. Si cha gavana wala cha mbunge. Viti hivyo tutavikuta kwenye taarifa ya habari bila hata kuvitafuta. Ni kiti cha mkuu wa masomo katika shule ya kibinafsi ya kutwa, wavulana na wasichana pamoja, mfano wa zile zilizochipuka hapa Machakos mjini na kule Athi River, Mlolongo na Syokimau. Huyu ndiye mtu ambaye ratiba, mitihani, maazimio ya kazi na manung'uniko ya walimu yote hupitia mezani pake. Shule nyingine humwita naibu wa masomo, nyingine humfanya ndiye mwalimu mkuu. Cheo si hoja. Hoja ni kwamba kiti hiki hukaliwa na huyu mwaka huu na yule mwaka ujao, huku mwenye shule akilalamika kuwa watu wa maana hawapatikani siku hizi.

Mimi nasema wanapatikana. Kisichopatikana ni nafasi ya wao kufanya kazi waliyoitiwa.

Shule ya serikali haijiajirii mkuu. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1967 na ambayo leo imo katika kifungu cha 237 cha Katiba, ndiyo inayomsajili mwalimu, ikampandisha cheo, ikamhamisha na kumwadhibu. Mkuu wa shule akivurunda huku Machakos, anaweza kuondolewa na mwingine akaletwa, wazazi wangali wanaulizana kulikoni. Shule ya kibinafsi haina wa kuiletea mtu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaitaka iajiri walimu waliosajiliwa na TSC, lakini nani awaongoze walimu hao, hilo ni la mwenye shule mwenyewe, ambaye wengi humwita direkta.

Na direkta wetu tunamjua. Alianza na chekechea katika nyumba ya kukodi. Mke alishika vitabu vya hesabu, mume akaendesha gari la watoto asubuhi na jioni, na karo ya muhula wa kwanza ikaenda yote kwenye madawati. Mimi nawaheshimu watu hawa. Walijenga mahali ambapo serikali ilikuwa haijafika, na wengine waliweka shamba la baba rehani ili kuta zipande. Ila mazoea yaliyoilea shule ya watoto thelathini ndiyo yanayoibana shule ya watoto mia sita. Direkta bado ndiye anayetia saini ya boksi la chaki. Mzazi akikasirika humpigia yeye simu usiku, na asubuhi uamuzi wa mkuu wa masomo umepinduliwa. Mwalimu anahamishwa kutoka Gredi ya 8 hadi Gredi ya 5, na mkuu wa masomo anapata habari hizo kwa dereva wa basi. Ni kama kumwajiri dereva wa matatu kisha ukabaki umeushika usukani: gari likiingia mtaroni, wa kufutwa ni dereva.

Wapo walioachilia usukani kwa wakati. Mary Okello, mmoja wa wanawake wa kwanza kusimamia tawi la benki nchini, alianzisha shule ya Makini jijini Nairobi mwaka 1978. Ilianza na watoto wachache, ikakua ikawa matawi, na mwaka 2018 ikauzwa kwa wawekezaji, ikiwemo kampuni ya Advtech ya Afrika Kusini. Simwambii kila direkta wa Machakos auze shule yake. Ninachosema ni kwamba shule hizo kubwa za Nairobi, ambazo zinawavizia wazazi wa Syokimau kwa mabasi yao tangu barabara ya juu ya Nairobi ifunguliwe mwaka 2022, zinaendeshwa kwa utaratibu ulioandikwa. Mwalimu wa huko anajua nani anaamua nini. Wa kwetu anamtazama direkta usoni kwanza ajue leo ameamkaje.

Kwa hiyo kabla hujatangaza nafasi hiyo, direkta, kaa chini uandike ukurasa mmoja. Andika mambo ambayo mtu huyu ataamua bila kukuuliza. Nani afundishe darasa gani. Vitabu gani vinunuliwe, ndani ya bajeti uliyompa. Mwalimu yupi aongezewe mkataba na yupi asiongezewe. Mzazi gani aambiwe hapana. Ukifika kwenye hilo la mzazi na mkono ukawa mzito, basi umejua kwa nini wale waliotangulia waliondoka. Ukurasa huo mpe kila anayeomba kazi ausome kabla ya mahojiano. Atakayekuja baada ya kuusoma, zungumza naye.

Tuseme sasa umeuandika. Macho yako yataenda wapi? Mara nyingi huenda kwa mstaafu wa shule kubwa ya bweni. Tuna fahari hiyo hapa kwetu: Machakos School ilianza mwaka 1915, na Kabaa ilikuwa ikiwasomesha vijana wa misheni ya Kikatoliki tangu miaka ya 1920, na ndiko chimbuko la shule ya Mang'u ya leo. Mwalimu aliyeongoza shule ya bweni yenye jina, akastaafu na miaka 60 akiwa bado na nguvu zake, anaonekana ni dhahabu iliyookotwa. Wiki ijayo jina lake liko kwenye bango kando ya barabara kabla hajajua vyoo vya walimu viko upande gani.

Sina ugomvi na wastaafu. Shaka yangu ni juu ya saa. Bweni lilimpa mwalimu yule alfajiri na usiku wa mtoto, Jumamosi na Jumapili pia. Somo lisipoeleweka saa nne asubuhi, kulikuwa na saa mbili usiku. Shule ya kutwa haina saa mbili usiku. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinataja masomo ya kutwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na vyama hadi saa kumi na dakika arobaini na tano. Masomo ya ziada wakati wa likizo yamekatazwa na ile sheria ya 2013. Najua unacheka, msikilizaji, kwa sababu umeliona basi la shule likipiga honi Kyumbi saa kumi na moja alfajiri, na mtoto wa Gredi ya 4 akipanda akiwa amefumba macho. Ndivyo inavyokuwa bweni likihamishiwa kwenye basi. Mkuu wa masomo asiyejua kuzitumia dakika arobaini za kipindi huenda kuiba usingizi wa mtoto, na akiisha kuuiba, mtoto husinzia katika hizo dakika arobaini.

Wala mzazi wa Machakos hahitaji kuelezwa kwa nini anataka mtoto alale nyumbani. Machi 2001 shule ya Kyanguli, hapa hapa kwetu, iliteketea usiku na wavulana 67 wakafa bwenini. Septemba 2024 ikawa Endarasha kule Nyeri, watoto 21. Anayelipa karo ya shule ya kutwa anailipia hiyo jioni ya kumwona mwanawe. Kiongozi wa masomo anayeiona jioni hiyo kuwa ni muda uliopotea, ambao lazima uzibwe kwa lundo la kazi za ziada, hajaielewa shule aliyoitiwa.

Yupo mstaafu mmoja ambaye ningemchukua bila mahojiano. Carey Francis alikuwa mwalimu wa hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge akaacha, akaja shule ya Maseno mwaka 1928, kisha akaiongoza shule ya Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Alikuwa mkali, na wengi waliopita mikononi mwake walikuja kushika serikali ya nchi hii. Alipostaafu hakutafuta ofisi nyingine ya kukalia. Alikwenda kufundisha shule ya Pumwani, Nairobi, mwalimu wa kawaida miongoni mwa walimu, hadi alipofariki mwaka 1966. Mstaafu akikujia, direkta, muulize swali moja tu: utafundisha vipindi vingapi kwa wiki? Akishangaa, mshukuru kwa kuja, umpe na nauli.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima raha zaidi, nalo ni alama.

Mtaala wa umilisi umebadilisha hesabu. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtoto anayemaliza Gredi ya 9 leo anapimwa kwa vipande: asilimia 20 inatoka kwenye mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 nyingine kwenye tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 zinazofanyiwa shuleni, na asilimia 60 ndiyo mtihani wenyewe wa KJSEA, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Angalia hicho kipande cha katikati. Maswali na miongozo hutoka KNEC, baraza la mitihani, lakini anayesahihisha ni mwalimu wa mtoto huyo huyo, na alama hupelekwa na shule yenyewe. Shule ya kibinafsi inaishi kwa karo. Karo inakuja kwa sifa. Sifa, kwa desturi yetu, inakuja kwa alama. Sasa niambie, nani anasimama kati ya direkta mwenye deni la benki na kalamu ya mwalimu mwenye mkataba wa muhula mmoja?

Ni yule mkuu wa masomo. Hakuna mwingine. Na kwa sababu hiyo naona ajabu kwamba katika mahojiano mengi swali la kwanza ni, "Ulipotoka, wastani wa shule ulikuwa ngapi?" Swali hilo linamwita mpishi wa alama aingie ndani na avae aproni kabisa. Mimi ningemwekea mezani kazi za wanafunzi watano na alama walizopewa, mbili kati yake zikiwa zimeongezwa makusudi, nimwambie asahihishe upya. Halafu ningemwambia kwamba mmoja kati ya hao wawili ni mtoto wa mwenyekiti wa wazazi. Ningenyamaza, nisikilize.

Kuna na Gredi ya 10, iliyoanza Januari 2026. Serikali ilipanga wanafunzi wagawike katika mikondo mitatu, ikilenga asilimia 60 waende sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Kwenye karatasi inapendeza. Shule ndogo ya kutwa yenye maabara moja na mwalimu mmoja wa fizikia anayefundisha pia kompyuta, inajaribiwa kuandika mikondo yote mitatu kwenye bango. Mkuu wa masomo wa kweli ndiye anayemwambia direkta kwa heshima, "Mzee, mkondo huu hatuuwezi mwaka huu." Ukimtafuta mtu ambaye hatakuambia hivyo utampata haraka, tena kwa bei nafuu.

Basi atafutwe vipi? Kwanza, kwa wakati. Shule zetu hutafuta mtu Desemba, aliyekuwapo ameshaaga, Januari inabisha hodi. Wakati huo waliobaki sokoni ni walioachwa na wengine. Tangaza muhula wa pili, umchague kabla ya Septemba, aje kuizunguka shule muhula wa tatu angalau siku moja moja. Pili, tangaza kweli. Si kumnong'oneza mchungaji baada ya ibada, wala kurusha ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mpwa wako anaweza kuwa mwalimu hodari. Aombe kama wengine, na anayemhoji asiwe wewe.

Kisha mlete shuleni siku nzima. Maneno ya ofisini hayanishtui. Sisi Wakenya tumejifunza kujibu mahojiano. Mwache aingie darasani kumtazama mwalimu wa kawaida, si yule nyota wako, akifundisha Gredi ya 7. Baadaye wakae wawili, mwombaji na mwalimu yule, waongee juu ya kipindi. Wewe kaa pembeni. Utasikia katika robo saa kama mtu huyu anajua kumwinua mwalimu au anajua kumkaripia tu. Utasikia kama aliwaona wale wasichana watatu waliokaa nyuma ambao hawakuulizwa swali hata moja la sayansi. Shule yako ni ya wavulana na wasichana. Ikiwa wavulana ndio wanaoshika vifaa vya maabara na wasichana ndio wanaoandika matokeo, jina la mseto liko langoni tu.

Kwa watu waliowahi kufanya kazi naye, usimpigie aliyekuwa mkubwa wake peke yake. Mtafute mwalimu aliyekuwa chini yake. Mkubwa atakuambia kama alitii. Wa chini atakuambia kama alifundisha watu kazi.

Na usajili wake TSC uthibitishe kwa TSC yenyewe, usitosheke na nakala ya cheti. Tume hufuta majina ya walimu waliopatikana na makosa, wakiwemo waliowadhulumu watoto kingono, na waraka wake wa mwaka 2010 juu ya kuwalinda wanafunzi uko wazi. Mwalimu aliyefutwa anaweza kuja kubisha hodi kwenye shule ya kibinafsi, akidhani kwamba huko hakuna anayeuliza. Daftari la TSC ni la walimu wote, wa serikali na wa kibinafsi. Cheti cha mwenendo mwema cha polisi nacho akilete kabla ya kupewa funguo.

Nina neno kwa wanaohoji wanawake. Bado kuna kamati zinazomuuliza mama mwenye shahada mbili kama mume wake atakubali achelewe kurudi nyumbani, na kama anapanga kuzaa tena. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mtu kwa jinsia au kwa ujauzito, kama inavyokataza kumbagua kwa kabila. Mbali na sheria, ni upuuzi. Mwanamume aliyekaa kwenye kiti hicho hicho kabla yake hakuulizwa nani anampikia.

Tuzungumze pesa, maana hapo ndipo mikutano mingi huvunjika. Kuna shule hapa nchini humlipa mwalimu miezi ya masomo tu. Aprili, Agosti na Desemba ajitegemee. Mkuu wa masomo huwekwa pembeni akalipwa mwaka mzima, naye akapewa kazi ya kuwatia moyo wasiolipwa. Atawatia moyo kwa lipi? TSC ikitangaza nafasi, kama ilivyofanya mwanzoni mwa 2023 ilipoajiri maelfu kwa wakati mmoja, walimu wa kibinafsi huondoka katikati ya muhula, na siwalaumu hata kidogo. Mkuu wa masomo mzuri hawezi kuizuia TSC. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba mwalimu akiondoka Jumatano, azimio la kazi, maandalio ya masomo na rekodi za wanafunzi zimebaki shuleni, na Alhamisi mtu mwingine anashika pale pale. Muulize mwombaji wako aliwahi kulifanyaje hilo. Jibu lake lina uzito kuliko vyeti vyote.

Mkataba uwe wa maandishi. Muda wa majaribio kwa sheria hauzidi miezi sita, na kuurefusha kunahitaji ridhaa ya mwajiriwa mwenyewe. Mimi ningempa miaka mitatu. Katika mwaka mmoja mtu hujua tu majina ya walimu na ni wapi paa linavuja. Ukimfukuza Desemba kwa sababu ya wastani wa mtihani ambao watoto waliandaliwa na watu wengine kwa miaka minane, umemwadhibu kwa kazi ya wenzake, na utakayemleta Januari amekwisha kuelewa kwamba anatakiwa akuletee namba, kwa njia yoyote.

Nimalize na wazazi, kwa sababu ninyi ndio mnaolipa. Tangu 2008 masomo ya kutwa katika shule za upili za umma hayalipiwi, na baadaye mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi uliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Wewe umeamua kuongeza yako juu ya kodi unayokatwa. Basi siku ya mkutano wa wazazi, pale mnapokaribishwa maswali, usiulize basi litapakwa rangi lini. Uliza mkuu wa masomo ni nani, amekaa kwa muda gani, na aliyemtangulia aliondoka kwa nini. Ukijibiwa kwa matokeo ya mtihani, rudia swali.